Jumla ya Vigawo Tasa na Mifuatano Inayozaliwa Nayo

Kila namba nzima kuanzia 2 ama yenyewe ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na tasa hizo hazibadiliki hata njia ya kuzitafuta ikibadilika. Anayeichambua 60 kwa kuanzia 6 × 10 na anayeanzia 4 × 15 wote huishia kwenye 2 × 2 × 3 × 5. Ukweli huu hutumika darasani kila mara Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) vinapotafutwa, aghalabu bila mwanafunzi kuambiwa kwamba unahitaji kuthibitishwa. Uthibitisho uliokamilika uliandikwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801.

Makazi ya namba tasa, basi, ni katika kuzidisha. Zikitolewa huko na kujumlishwa, hujikuta zinafanya kazi isiyo yake, na hapo ndipo huzuka maswali ambayo mtoto wa darasa la sita anayaelewa huku wataalamu wakiwa bado hawana majibu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Namba huchambuliwa hadi vigawo vyake tasa, kisha vigawo hivyo hujumlishwa, na kigawo kinachojirudia huhesabiwa kila kinapotokea. Kwa kuwa 12 ni 2 × 2 × 3, jumla yake ni 2 + 2 + 3, yaani 7. Jumla ya namba n inaweza kuandikwa J(n) kwa kifupi, hivyo J(12) = 7 na J(360) = 2 + 2 + 2 + 3 + 3 + 5 = 17. Kuanzia n = 2 hadi n = 20, majibu yanapangika hivi: 2, 3, 4, 5, 5, 7, 6, 6, 7, 11, 7, 13, 9, 8, 8, 17, 8, 19, 9. Mfuatano huu umesajiliwa kwa alama A001414 katika ensaiklopidia ya mifuatano iliyoanzishwa na Neil Sloane. Sloane alianza kuikusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaitoa kama kitabu chenye mifuatano 2,372 mwaka 1973, na tangu 1996 hazina hiyo imekuwa kwenye intaneti, ambako sasa mifuatano imepita 350,000.

Ukiutazama juu juu, mfuatano wa J hauna adabu. Unapanda hadi 17, unashuka hadi 8, unaruka hadi 19, unarudi 9. Hata hivyo una sheria moja thabiti: J ya zao la namba mbili ni J ya moja kuongeza J ya nyingine. J(12) ni 7 na J(30) ni 10, kwa hiyo J(360) lazima iwe 17, bila haja ya kuchambua upya. Sheria hiyo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kama logarithi zinavyofanya.

Sheria ya pili inahusu ukubwa. Namba mbili zozote zisizopungua 2 zikizidishwa, zao lake halipungui jumla yake; sababu ni kwamba (a − 1)(b − 1) haiwezi kuwa chini ya 1, na hilo likifunguliwa hutoa ab ≥ a + b. Zao na jumla hulingana pale tu a na b zote zinapokuwa 2. Hivyo J(n) haizidi n kamwe, nayo hulingana na n kwa namba tasa zote na kwa namba moja tu isiyo tasa, ambayo ni 4.

Kutokana na hapo, mtu anaweza kuirudia kanuni tena na tena akiwa na uhakika wa kufika mwisho. 2026 ni 2 × 1013, nayo hutoa 1015. 1015 ni 5 × 7 × 29, nayo hutoa 41, ambayo ni tasa, na safari inakoma. 1000 hupita 21 na 10 kabla ya kutulia kwenye 7. Kwa kuwa kila hatua hushusha namba isipokuwa imeshafika kwenye tasa au kwenye 4, hakuna safari inayozunguka bila kikomo. Jambo lisilotazamiwa ni kwamba 2, 3 na 4 hazipokei mgeni yeyote: hakuna namba nyingine inayoishia kwao, kwa sababu 2 na 3 haziwezi kugawanywa kuwa jumla ya tasa mbili au zaidi, na 4 ni 2 + 2 tu. Namba zote zilizobaki huishia kwenye tasa ya 5 au iliyo juu yake.

Swali linaweza pia kugeuzwa. Badala ya kuuliza jumla ya namba fulani ni ngapi, mtu anaweza kuuliza ni namba zipi zenye jumla fulani. Zenye jumla ya 10 ni tano: 21, 25, 30, 32 na 36. Kila mojawapo inatokana na njia moja ya kuandika 10 kama jumla ya tasa. 3 + 7 hutoa 21, 5 + 5 hutoa 25, 2 + 3 + 5 hutoa 30, 2 mara tano hutoa 32, na 2 + 2 + 3 + 3 hutoa 36. Kwa kuwa uchambuzi wa namba ni wa aina moja tu, njia mbili tofauti za kujumlisha haziwezi kamwe kuangukia zao moja. Kuhesabu namba zenye jumla k ni kuhesabu njia za kuigawa k katika tasa, na hesabu hizo, kuanzia k = 2 hadi 12, ni 1, 1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 5, 6, 7.

Mwanzo huo mpole hudanganya. Kwa k = 100 njia ni 40,899. Namba ndogo kuliko zote zenye jumla 100 ni 291, ambayo ni 3 × 97. Iliyo kubwa kuliko zote hupatikana kwa kutumia tasa 3 kwa wingi iwezekanavyo, kwa kuwa 3 ndiyo inayolipa zaidi katika zao kwa kila kipande cha jumla kinachotumika: 3 thelathini na mbili na 2 mbili, yaani 7,412,080,755,407,364. Kati ya hizo mbili zimetawanyika namba nyingine 40,897 zenye jumla ileile, na mojawapo ni 2,491, itakayotajwa tena.

J(n) kwa kawaida ina ukubwa gani? Mwaka 1977 Krishnaswami Alladi na Paul Erdős walichapisha makala iliyojibu swali hilo kwa wastani. Ukijumlisha J ya namba zote hadi x, waligundua, utapata takriban π² ikigawanywa kwa 12, mara x² ikigawanywa kwa logarithi asilia ya x. Kuiona π ikichomoza katika hesabu ya namba tasa, ambako hakuna duara wala pembe, humshangaza anayeikuta kwa mara ya kwanza, lakini chanzo chake kinaonekana kwa macho. Mchango mkubwa unatoka kwa namba tasa zenyewe, ambazo J zake ni sawa na namba zenyewe. Zinazofuata ni namba ambazo ni tasa mara mbili, kama 1013 × 2: tasa yake haiwezi kuzidi nusu ya x, na mchango wake huwa robo ya ule wa kwanza. Zilizo tasa mara tatu huchangia sehemu moja ya tisa, mara nne sehemu moja ya kumi na sita, na kuendelea. Jumla ya 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 na wenzake wote ni π² ikigawanywa kwa 6, kama Leonhard Euler alivyoonyesha katika karne ya 18. Kwa maneno mengine, asilimia 61 hivi ya jumla yote huletwa na namba tasa peke yake, ingawa huzidi kuwa chache kadiri mtu anavyosonga mbele.

Hesabu hiyo ina siri inayotawala somo zima: katika J(n), kigawo kikubwa kuliko vyote ndicho chenye sauti, na vingine ni chenga. J(2026) ni 1015, ambapo 1013 imetoka kwa kigawo kimoja. Alladi na Erdős walithibitisha pia kwamba J(n) huwa shufwa na witiri kwa uwiano sawa namba zikiwa nyingi vya kutosha. Hilo linategemea vigawo witiri vya n kuwa vingapi, maana 2 haibadilishi lolote katika kujua kama jumla ni shufwa au witiri.

Hadi mwaka 1974 jumla ya vigawo tasa ilikuwa jambo la wachache. Iliyoifanya ijulikane ni besiboli. Mchezaji Babe Ruth, aliyestaafu mwaka 1935, aliacha rekodi ya mapigo 714 ya kuvusha mpira nje ya eneo la mchezo, na kwa karibu miaka arobaini hakuna aliyeifikia. Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron alipiga pigo lake la 715. Namba hizo mbili zilijaa magazetini na redioni kote Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Georgia, si mbali na Atlanta, mwanahisabati kijana Carl Pomerance aliziangalia kwa jicho lingine. 714 ni 2 × 3 × 7 × 17, na 715 ni 5 × 11 × 13. Zikizidishwa pamoja hutoa 510,510, ambayo ni zao la tasa saba za mwanzo, 2 hadi 17, kila moja ikitumika mara moja bila kurukwa hata moja.

Zao la tasa za mwanzo kugawika katika namba mbili zinazofuatana ni jambo adimu. Hutokea kwa 2 (1 × 2), 6 (2 × 3), 30 (5 × 6) na 210 (14 × 15), kisha kwa 714 na 715. Baada ya hapo hakuna mfano mwingine unaojulikana, na Pomerance na wenzake walikisia kwamba haupo. Kisio hilo bado halijathibitishwa.

Mwanafunzi wa mwalimu mwenzake Pomerance ndiye aliyeona jambo la pili. 2 + 3 + 7 + 17 ni 29, na 5 + 11 + 13 nayo ni 29. Katika mwaka huohuo Pomerance, pamoja na Carol Nelson na David Penney, waliandika makala fupi katika jarida la hisabati za burudani, wakaziita namba mbili zinazofuatana zenye J sawa jozi za Ruth na Aaron. Jozi za mwanzo huanza na 5, 8, 15, 77, 125, 714, 948, 1330, 1520 na 1862. Nyingine zina umbo la kupendeza: 1331 ni 11 × 11 × 11, yenye jumla 33, na jirani yake 1330 ni 2 × 5 × 7 × 19, yenye jumla ileile. Chini ya 10,000 jozi ni 20, na chini ya 20,000 ni 26.

Jozi ya kumi na moja ni 2,491 na 2,492. Ya kwanza ni 47 × 53, ya pili ni 2 × 2 × 7 × 89, na zote zina jumla 100. Jozi hii inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu nyingine kabisa. Mtu akiambiwa tu kwamba namba ni zao la tasa mbili, kwamba namba yenyewe ni 2,491, na kwamba J yake ni 100, anaweza kuzipata tasa hizo bila kujaribu hata moja. Anatafuta namba mbili zenye jumla 100 na zao 2,491, yaani majibu ya x² − 100x + 2491 = 0. Nusu ya 100 ni 50. 50 × 50 ni 2,500. Ikitolewa 2,491 inabaki 9, ambayo kipeuo chake cha pili ni 3. Majibu ni 50 − 3 na 50 + 3. Kufuli za siri za aina ya RSA, zilizobuniwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, husimama juu ya ugumu wa kuchambua zao la tasa mbili kubwa. Anayeweza kukokotoa J ya namba hiyo ya wazi ameshaifungua kufuli. Ndiyo maana namba iliyotangazwa kwa jina la RSA-2048, yenye tarakimu 617, haijapata kujulikana J yake: kuijua ni sawasawa na kuichambua, na hakuna aliyefaulu.

Turudi kwenye majirani. Swali la kwanza linalokuja ni kama jozi za Ruth na Aaron zinaisha au la. Pomerance aliona kwamba zinaweza kutengenezwa kwa fomula. Kwa namba yoyote nzima m, zao la 8m + 5 na 48m² + 24m − 1 ni pungufu kwa moja tu ya 4 mara 2m + 1 mara 48m² + 30m − 1. Ikitokea kwamba namba zote nne zilizomo ni tasa, jumla za pande zote mbili nazo hulingana: kila upande hutoa 48m² + 32m + 4. Kwa m = 1, namba ya nne ni 77, ambayo ni 7 × 11, na jaribio linaanguka. Kwa m = 2 ya kwanza ni 21, ambayo nayo si tasa. Kwa m = 3 zinatoka 29, 503, 7 na 521, na zote ni tasa. 29 × 503 ni 14,587, na 4 × 7 × 521 ni 14,588. Jumla ya upande wa kwanza ni 29 + 503 = 532, na ya upande wa pili ni 2 + 2 + 7 + 521 = 532.

Ingethibitishwa kwamba namba hizo nne huwa tasa kwa pamoja mara zisizo na mwisho, suala lingekuwa limekwisha. Wataalamu wengi wanaamini ndivyo ilivyo, na imani hiyo inatokana na kisio pana zaidi lililotolewa mwaka 1958 na Andrzej Schinzel na Wacław Sierpiński wa Poland. Lakini kisio hilo lina uzito wa kutisha. Hata tawi lake dogo, lile linalosema kwamba jozi za tasa zinazopishana kwa mbili, kama 11 na 13, hazina mwisho, halijathibitishwa hadi leo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba jozi za Ruth na Aaron hazikomi.

Upande wa pili wa swali, yaani uchache wake, ulipata jibu. Katika makala ya 1974 waandishi walikisia kwamba jozi hizi huzidi kuwa adimu hadi sehemu yake kati ya namba zote kukaribia sifuri, ila hawakuweza kuthibitisha. Erdős, Mhungaria aliyekuwa akisafiri kutoka chuo hadi chuo bila makazi maalumu, aliona njia ya kuthibitisha, akamtafuta Pomerance ambaye walikuwa hawajawahi kufanya kazi pamoja. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1978, na ilifuatwa na nyingine zaidi ya 20. Pengine hakuna mchezo mwingine wa besiboli uliozaa hisabati nyingi kiasi hicho.

Msingi wa hoja yao ni ileile siri ya kigawo kikubwa. Kwa kuwa J(n) hutawaliwa na kigawo chake kikubwa, J(n) na J(n + 1) haziwezi kulingana mpaka vigawo vikubwa vya n na vya n + 1 viwe karibu sana. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo vigawo hivyo vikubwa ni lazima vitofautiane, na kila kimoja huenda zake kana kwamba hakimjui jirani. Erdős na Pomerance walionyesha kwamba kukaribiana kwa vigawo vikubwa vya majirani ni tukio la nadra. Mwaka 2002 Pomerance alirudi kwenye suala hilo peke yake na kulikaza zaidi: jumla ya 1/5 + 1/8 + 1/15 + 1/77 na kuendelea kwa namba zote za Ruth na Aaron haivuki kikomo fulani, iwe jozi zina mwisho au hazina. Namba tasa zenyewe haziko hivyo, kwa maana Euler alionyesha mwaka 1737 kwamba 1/2 + 1/3 + 1/5 + 1/7 na wenzake hukua bila kikomo, japo kwa mwendo wa kobe.

Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kiliwatunuku Erdős na Aaron shahada za heshima katika sherehe moja, na wote wawili walitia saini kwenye mpira mmoja wa besiboli. Wanahisabati hupimana ukaribu wao na Erdős kwa kuhesabu hatua za uandishi wa pamoja zinazowatenganisha naye, na tangu siku hiyo wapo wanaotania kwamba Hank Aaron naye amehesabiwa miongoni mwa walioandika naye.

Jozi zikiwepo, mtu atauliza juu ya namba tatu mfululizo. Kundi la kwanza huanza na 417,162, ambayo ni 2 × 3 × 251 × 277. Inayofuata ni 17 × 53 × 463, na ya tatu, 417,164, ni 2 × 2 × 11 × 19 × 499. Zote zina jumla 533. Kundi la pili la namba tatu linapatikana mbali mno, kuanzia 6,913,943,284.

Kanuni ikibadilishwa kidogo, ili kila kigawo kihesabiwe mara moja tu hata kikijirudia, orodha hubadilika. Sasa 24 na 25 ni jozi, kwa sababu 2 + 3 ni 5, na 49 na 50 ni jozi kwa 7 na 2 + 5. Orodha mpya ni 5, 24, 49, 77, 104, 153, 369, 492, 714 na kuendelea. Namba kama 77 na 714 zimo katika orodha zote mbili, kwa kuwa zenyewe na majirani zao hazina kigawo kinachojirudia.

Jamaa wa karibu wa mifuatano hii hujumlisha tarakimu za vigawo badala ya vigawo vyenyewe. Mwaka 1982 Albert Wilansky wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, aligundua kwamba nambari ya simu ya shemeji yake, aliyeitwa Smith, ina jumla ya tarakimu sawa na jumla ya tarakimu za vigawo vyake tasa. Namba zisizo tasa zenye sifa hiyo zikabaki na jina la Smith: 4, 22, 27, 58, 85, 94, 121 na kadhalika. 58 ni 2 × 29. 5 + 8 ni 13, na 2 + 2 + 9 pia ni 13. 666 nayo imo, ikiwa 2 × 3 × 3 × 37, jambo lililowafurahisha wapenda ishara kuliko wanahisabati. Chini ya 10,000 ziko 376, na mwaka 1987 Wayne McDaniel alithibitisha kwamba hazina mwisho. Hapa uthibitisho uliwezekana kwa sababu tarakimu zinachezewa kirahisi: namba ikizidishwa kwa 10 huongezewa sifuri isiyobadilisha jumla ya tarakimu zake, huku vigawo 2 na 5 vikiongeza 7 upande wa pili. Thamani ya namba za Smith kinadharia ni ndogo, kwa kuwa zinategemea kuandika kwa msingi wa kumi. Mtu anayeandika kwa msingi mwingine angepata orodha nyingine.

Mfuatano unaostahili kutazamwa mwishoni huunganisha vigawo vya namba na tasa zote zilizo kati yake. 10 ni 2 × 5, na tasa zote kuanzia 2 hadi 5 zikijumlishwa, 2 + 3 + 5, jibu ni 10. 39 ni 3 × 13, na 3 + 5 + 7 + 11 + 13 ni 39. 155 ni 5 × 31, na tasa zote kuanzia 5 hadi 31 hutoa 155. 371 ni 7 × 53, nazo tasa kuanzia 7 hadi 53 hutoa 371. Mpangilio wa 2, 3, 5, 7 katika vigawo vidogo humshawishi yeyote kutazamia kwamba ya tano itaanza na 11 na itakuwa karibu na elfu moja.

Haiko hivyo. Ili jumla ikubalike, ni lazima igawanyike kwa tasa ya mwisho iliyoongezwa, na uwezekano wa hilo kwa tasa q ni kama moja kati ya q. Ni lazima pia igawanyike kwa tasa ya kwanza, na isiwe na kigawo chochote tasa kilicho kidogo kuliko hiyo ya kwanza wala kikubwa kuliko ya mwisho. Nafasi hizo hupungua haraka, na kwa kuwa jumla ya 1/q za tasa hukua taratibu mno, kusubiri bahati nyingine huchukua muda mrefu kupita kiasi. Namba ya tano ni 2,935,561,623,745. Inaishia na 5, kwa hiyo si shufwa, na tarakimu zake zina jumla 58, isiyogawanyika kwa 3. Kigawo chake tasa kilicho kidogo kuliko vyote ni 5. Ina maana kwamba ni kujumlisha kulekule kwa 5 + 7 + 11 na kuendelea kulikogonga 155 kwenye tasa 31, kukapita tasa zaidi ya 600,000 bila kugonga tena, hadi kwenye tasa iliyo kati ya milioni 9 na milioni 10. Ya sita ni 454,539,357,304,421.